Ukiachishwa kazi Uganda: jinsi ya kudai chako kuanzia siku ya barua hadi pesa kuingia benki

Barua yangu nilikabidhiwa Jumatatu, tarehe 27 Februari 2023, saa nne asubuhi, nikiwa bado nimevaa gambuti za chumba cha barafu. Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha samaki upande wa Masese, hapa Jinja. Miaka 14 nilipima minofu ya mputa, samaki ambaye wenzetu wa Mwanza humwita sangara, na kuandika kilo zake daftarini. Barua ilikuwa na mistari saba. Ilisema samaki wamepungua ziwani, kiwanda kinapunguza watu, nitalipwa mshahara wa mwezi mmoja, asante kwa utumishi wako.

Tangu niliposumbukia haki zangu mpaka zikapatikana, nimewasindikiza majirani wengi wa Walukuba katika njia hiyohiyo. Wengi huja kwangu wamechelewa, wengine wakiwa na karatasi moja tu iliyolowa jasho mfukoni. Ndiyo maana naandika, ili uyajue haya kabla hayajakufika, au wiki ileile yatakapokufika.

Nianze na jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Uganda hakuna malipo ya serikali ya kila mwezi kwa mtu aliyepoteza kazi. Ndugu zetu wa Tanzania wana fao la kukosa ajira katika mifuko yao, na kwa sababu tunasikiliza redio zilezile, mtu wa huku huamka akaenda ofisini kuliulizia. Halipo. Alichonacho mtu wa Uganda ni vitu viwili: anachodaiwa mwajiri kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, na akiba yake mwenyewe katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Vitu hivi vina ofisi mbili tofauti na masharti mawili tofauti. Anayevichanganya hupoteza kimoja.

Mwajiri kwanza, kwa sababu hapo siku zinahesabiwa

Sheria imepanga notisi kwa kufuata muda uliotumikia. Ukizidisha miezi sita lakini hujafika mwaka, ni wiki mbili. Kuanzia mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, ni mwezi mmoja. Kuanzia mitano hadi chini ya kumi, miezi miwili. Kumi na kuendelea, miezi mitatu. Mwajiri asipotaka uendelee kufika kazini katika muda huo, akulipe mshahara wa muda huo. Mimi nilikuwa na miaka 14 na nimepewa mwezi mmoja. Sikulijua hilo hadi mwanangu mkubwa aliponiuliza, "Mama, sheria inasemaje?" Nikakosa jibu, nikavaa kitenge, nikaenda kwa afisa wa kazi.

Sheria inataka kila wilaya iwe na afisa wa kazi. Humlipi chochote. Ukiona umefukuzwa isivyo haki, malalamiko yako yanatakiwa yamfikie ndani ya miezi mitatu tangu siku uliyoachishwa, na uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo wiki 13 mfululizo au zaidi. Kwa ushauri wangu, madai yako yote yapeleke ndani ya miezi hiyo mitatu, hata ya notisi na likizo, ili mtu asipate pa kukutolea kisingizio. Mwenzangu mmoja wa idara ya kukata minofu aliambiwa na msimamizi wake avumilie, eti kiwanda kitawarudisha samaki wakiongezeka. Akavumilia hadi mwezi wa saba. Alipokwenda, jambo la kwanza kuulizwa lilikuwa tarehe ya barua yake, na hapo uso wake ulibadilika. Bado unaniuma ule uso.

Afisa aliniuliza swali moja: "Mama, una karatasi gani?" Nilikuwa na barua ya kuajiriwa ya mwaka 2009, barua ya kuachishwa, pesilipu nyingi ambazo nilikuwa nikizifunga kwa mpira ndani ya kopo la Blue Band, na daftari langu la likizo. Likizo nayo ni pesa. Sheria inakupa siku saba kwa kila miezi minne uliyotumikia, yaani 21 kwa mwaka, na zile ambazo hukupumzika unastahili fidia yake unapoondoka. Mimi nilikuwa na 18.

Hakukuwa na kesi wala wakili. Afisa aliandika barua, meneja wa wafanyakazi akaja, tukakaa meza moja mara mbili. Mara ya kwanza alisema mwezi mmoja ndio desturi ya kampuni. Afisa akamsomea kifungu. Mara ya pili alikuja na hundi ya miezi miwili iliyobaki, shilingi 960,000 kwa mshahara wangu wa 480,000, pamoja na zile siku za likizo. Kama ingeshindikana pale, shauri lingeweza kusonga mbele hadi Mahakama ya Viwanda.

Kabla hujaondoka getini, omba pia cheti cha utumishi. Ni haki yako ukikiomba, nacho huonyesha ulianza lini na umeacha lini. Watu hukiona kama karatasi ya kutafutia kazi nyingine tu. Mimi kilinisaidia zaidi NSSF, kama utakavyoona.

Soma taarifa ya akiba yako kama unavyosoma risiti ya dukani

Kila mwezi mwajiri anatakiwa kupeleka NSSF asilimia 15 ya mshahara wako: 5 anakukata wewe, 10 anatoa yeye mfukoni mwake. Zote zifike si zaidi ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa mshahara wangu, mimi nilikatwa 24,000, kampuni ikiongeza 48,000, jumla 72,000. Zamani wenye wafanyakazi chini ya watano walikuwa nje ya sheria, lakini marekebisho yaliyotiwa saini Januari 2022 yaliwaingiza waajiri wote, hata mwenye duka na msaidizi mmoja. Na hesabu huanzia kwenye malipo yote unayolipwa kwa fedha, kabla ya makato, pamoja na posho zake, si mshahara mtupu. Ukiona pesilipu inasema 480,000 lakini michango imepigwa kwa 300,000, hapo kuna mtu anapunguza.

Taarifa unaipata bure kwenye programu ya simu ya NSSFGo, au kwa kufika tawini. Mimi nilikwenda tawi la Jinja nikaomba wanichapishie yote tangu mwaka 2009. Nikakaa sebuleni na kalamu nyekundu, pesilipu mkono wa kushoto, taarifa mkono wa kulia, nikalinganisha mwezi kwa mwezi. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili. Miezi tisa haikuwepo. Pesilipu zilisema nimekatwa 24,000 kila mwezi, taarifa haikuonyesha kitu. Tisa mara 72,000 ni 648,000. Hiyo ilikuwa ada ya muhula wa shule wa mtoto wangu wa mwisho, na iliondoka kwenye jasho langu bila kufika ilikotakiwa.

Usiogope kusema. Mwajiri anayechelewesha michango anatozwa faini ya asilimia 10 juu ya kile alichoshikilia, na NSSF wana wakaguzi ambao kazi yao ni kuwafuata waajiri wa namna hiyo. Wewe unachopeleka ni ushahidi: nakala za pesilipu za miezi hiyohiyo, barua ya kuajiriwa, cheti cha utumishi, na karatasi moja uliyoandika mwenyewe miezi inayokosekana na kiasi cha kila mmoja. Kama pesilipu hukuwa unapewa, nenda benki ulikopokelea mshahara ukaombe stetimenti ya miaka hiyo. Mshahara ukionekana umeingia, kazi imeonekana. Andika tarehe uliyoyapeleka malalamiko na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Nakala yenye muhuri ndiyo inayoongea usipokuwepo.

Mlango upi ni wako

Hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo, kwa hiyo nitasema polepole. Kuachishwa kazi peke yake hakufungui akiba. Milango ni hii.

Ukifikisha miaka 55, unachukua yote, uwe na kazi au huna.

Ukiwa na miaka 50 na umekaa mwaka mzima bila kuajiriwa, unachukua yote. Huu ulikuwa mlango wangu. Nilizaliwa Agosti 1973, nikaachishwa nikiwa na miaka 49, kwa hiyo ilinibidi nisubiri mpaka mwaka utimie mwisho wa Februari 2024. Angalia hapa: ukiajiriwa tena katikati, hata kwa miezi miwili, na mwajiri mpya akachangia, mwaka wako umekatika. Jirani yangu aliyekuwa dereva alipata kibarua cha muda Kakira, akachangiwa, akalazimika kuanza kuhesabu upya. Simlaumu, alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini angejua mapema angelipanga.

Ukiwa na miaka 45 na umechangia miaka kumi au zaidi, unaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba hata kama bado unafanya kazi. Mlango huu uliletwa na marekebisho yaleyale ya 2022. Kwa watu wenye ulemavu umri ni miaka 40, na kiasi ni hadi asilimia 50, nao pia wawe wamechangia miaka kumi.

Kuna mingine ya ugonjwa unaomwondolea mtu uwezo wa kufanya kazi, ya anayehama nchi moja kwa moja, na ya warithi wa mwanachama aliyefariki. Hiyo ina karatasi zake, sitaiingia leo.

Kama una miaka 32 umeachishwa kazi leo, hakuna mlango wa NSSF utakaofunguka mwaka huu. Najua inauma. Nimemwambia hivyo kijana mmoja aliyekuwa ameshapanga kununua bodaboda kwa akiba yake, akanyamaza muda mrefu sana. Nguvu zako zote zielekeze kwa mwajiri, notisi na likizo, na hakikisha michango iliyopita ipo sawa, kwa sababu riba inaendelea kuingia hata kama huchangii tena. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023 riba ilikuwa asilimia 10, na uliofuata ilikuwa 11.5.

Mimi nilistahili ile asilimia 20 siku ileile niliyopewa barua. Akiba yangu ilikuwa kama milioni 16, kwa hiyo ningepata milioni 3 na kitu. Sikuchukua. Nilikuwa na zile pesa za notisi, nikanunua karai na unga nikaanza kukaanga samaki jioni karibu na soko la Walukuba, nikaiacha akiba izae. Lakini dada mmoja wa miaka 46, mume mgonjwa, aliniuliza afanyeje, nikamwambia achukue. Anayekupigia hesabu ya riba hasikii njaa yako.

Jina na tarehe ya kuzaliwa

Machi 2024 nilikwenda tawini na bahasha yangu nikiwa na uhakika. Kijana wa kaunta, mwenye adabu kabisa, akaangalia kompyuta akasema, "Mama, humu unaonekana una miaka 48." Karani aliyenijazia fomu mwaka 2009 aliandika 1975 badala ya 1973. Na jina langu, Aminah, lilikuwa limeandikwa bila h ya mwisho. Miaka 14 sikuwahi kuangalia.

Tatizo hili ni la kawaida kuliko yote niliyoyaona. Karatasi inayosimama ni kitambulisho cha taifa na ile namba yake ya NIN, yaani namba ya utambulisho wa taifa. Kama kosa liko kwenye kumbukumbu za NSSF na kitambulisho kiko sawa, unapeleka kitambulisho na kujaza fomu ya kurekebisha taarifa. Kwa jina niliombwa pia kiapo kwamba Amina na Aminah ni mtu mmoja. Nilikula kiapo mbele ya kamishna wa viapo mjini, karatasi moja, muhuri mmoja. Kama kosa liko kwenye kitambulisho chenyewe, huna budi kuanzia NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa, na huko kuna mstari mrefu, basi usisubiri hadi siku ya kudai. Kaangalie leo. Angalia pia kama kitambulisho chako hakijaisha muda, kwa maana vile vya kwanza vilitolewa kwa miaka kumi tu.

Na kama umewahi kufanya kazi sehemu mbili, uliza kama huna namba mbili za NSSF. Waajiri wengine humwandikisha mtu upya badala ya kuuliza namba yake ya zamani. Jirani yangu dereva alikuwa na mbili, moja ikiwa na miaka sita ya michango ambayo alidhani imeliwa. Ziliunganishwa, na miaka yake ya michango ikavuka kumi.

Marekebisho yangu yalipokamilika, nikapeleka dai: kitambulisho, barua ya kuachishwa, cheti cha utumishi, picha, na stetimenti ya benki yenye jina langu kamili na namba ya akaunti. Kitambulisho cha taifa na stetimenti ndivyo watu hurudishwa navyo sana, kwa sababu jina la hapa halifanani na jina la pale. Yaweke mezani pamoja uyasome herufi kwa herufi kabla hujapanda boda kwenda mjini. Nilikuwa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, pia, inayosema ninaishi Walukuba na sijaajiriwa. Beba, hata kama hawataiomba.

Dai limekubaliwa, pesa haijaingia

Nilipata ujumbe wa simu kwamba dai limelipwa. Siku tatu, wiki, akaunti tupu. Moyo unakimbia jamani. Nilirudi tawini nikaambiwa pesa imerudi, benki imeikataa. Akaunti yangu ilikuwa ileile ya mshahara, na tangu kiwanda kiache kuniwekea haikuguswa kwa zaidi ya mwaka. Benki ilikuwa imeilaza.

Kwa hiyo kabla hujaandika namba ya akaunti kwenye fomu, weka humo hata shilingi 10,000 na uitoe. Ukiona imelala, nenda na kitambulisho uiamshe, kisha omba stetimenti mpya. Akaunti iwe yako, kwa jina lako. Usiandike ya mumeo, ya dada yako, wala ya mtoto anayejua mambo ya benki. Na pesa ikirudi, usifungue dai jipya. Uliza namba ya dai la kwanza, peleka taarifa sahihi za benki, omba malipo yarudiwe kwa dai hilohilo. Madai mawili ya mtu mmoja huzaa maswali, na maswali huzaa wiki.

Malipo yenyewe hayakatwi kodi unapoyachukua. Mtu akikwambia kuna kodi ya kulipa kwanza ili pesa itoke, huyo ni mwizi. Hapo nje ya maofisi wapo bakayungirizi, yaani madalali, wanaosema wana mtu wao ndani, wanataka asilimia 10, na wengine hupiga simu wakiomba ile namba ya siri inayokuja kwa ujumbe. Kudai ni bure, tangu fomu hadi malipo. Mama mmoja wa Mpumudde aliisoma ile namba kwenye simu, akafikiri anaongea na ofisi. Tulikwenda naye polisi, kisha tawini kubadilisha namba yake ya simu na neno la siri. Kwa bahati dai lake lilikuwa halijapitishwa.

Pesa yangu iliingia Mei 2024, siku ya Alhamisi. Kabla ya kumwambia mtu nilikaa nikalinganisha kiasi na taarifa, shilingi kwa shilingi, na ile miezi tisa haikuwemo. Nikarudi na nakala yangu yenye muhuri wa kupokelewa. Wakaguzi walikuwa wameshafika kiwandani, na kampuni ilikuwa imekubali kulipa. Kuchukua malipo ya kwanza hakuzuii kudai kilichobaki, usimruhusu mtu akutishe kwa hilo. Ile 648,000 iliingia Agosti, na ada ya muhula wa tatu ikalipwa.

Jirani yangu dereva mwaka wake unatimia mwezi wa pili. Bahasha yake iko kwangu, juu ya kabati, na kwenye akaunti yake huweka kitu kila mwisho wa mwezi.